Kucha za Apio

Napenda pinki, na nimechoka kuulizwa kwa nini. Napenda kucha ndefu, hereni zinazolia nikigeuza shingo, gauni la marinda, na marashi ambayo Kadija huniuzia kwenye kibanda chake karibu na mpaka. Na ninafanya kazi katika ofisi ya msaada wa sheria kwa wanawake, hapa Busia mjini, huu mwaka wa sita. Wako wajane ambao leo wanalima mashamba yao kwa sababu niliwakalia machifu mlangoni mpaka wakachoka kuniona. Sijaona bado mahali ambapo pinki na kazi hii vinagombana. Wanaogombana ni watu, na wote wanagombana na mimi.

Wanaume wakiingia ofisini wananiita mrembo, kisha wanauliza wakubwa wako wapi. Wanawake wenzangu wa harakati nikikutana nao kwenye semina wananitazama kucha, kisha wananiuliza chai italetwa saa ngapi. Wa kwanza wanadhani sina akili, wa pili wanadhani nimewasaliti. Nimekuwa kama mzigo wa pale mpakani, kila upande unataka kuufungua kwanza.

Aliyeanzisha ofisi yetu ni Mama Benedetta. Ana miaka sitini na moja, nywele amezinyoa kama askari, na mimi sijawahi kumwona na sketi. Ni shati la kaki, suruali ya kaki, na viatu vya kamba. Miaka ya tisini, huko kwao Amukura, shemeji zake walimtoa katika nyumba ya marehemu mumewe siku ambayo alikuwa amevaa gauni la maua. Walimwambia mrembo kama yeye hatakosa mume mwingine. Tangu siku hiyo hajavaa ua. Hadithi hiyo naijua, na ndiyo maana akinisema huwa nanyamaza.

"Among," huniambia, "hawa watu wanatafuta tu sababu ya kutosikia. Wewe unawabebea sababu kwa kucha."

Lakini liko jambo ambalo Mama Benedetta hakulijua.

Mjane anapofika kwetu huwa ameshasimulia shida yake kwa chifu, kwa padri na kwa polisi, na kila mmoja alikuwa akitazama saa. Ukimwekea fomu mbele na kumwambia ataje jina la marehemu, anaganda. Wahenga walisema mficha uchi hazai, lakini hawakusema utamfanyaje aliyezoea kuficha. Mimi namwambia, mama, lete mkono. Natoa kisanduku changu cha rangi kwenye droo, naanza kumpaka kucha, polepole, na nikifika kidole cha tatu huwa ameanza kuongea. Mtu aliyeshikwa mkono bila haraka husema ukweli. Hata akitaka kuondoka hawezi, rangi bado mbichi. Namaliza mkono wa kulia, naandika. Namaliza wa kushoto, naandika. Kwenye kidole cha pete naweka tone moja jeupe kwa ncha ya kijiti cha meno, hiyo ndiyo sahihi yangu. Kisha, kama mama huyo bado yuko kwenye msiba, nazifuta zote kwa asetoni kabla hajatoka.

Nazifuta kwa sababu mimi ni Mteso na mambo ya kwetu nayajua. Katika koo nyingine za huko nyumbani mjane hufungwa uzi mkononi siku ya maziko, na hajipambi mpaka siku ambayo mama mzazi wa marehemu atamnyoa na kuukata ule uzi mbele ya watu. Akijipamba kabla ya siku hiyo, wanasema amejinyoa mwenyewe. Maana yake ameacha boma, na aliyeacha boma ameacha na shamba.

Apio alikuja Ijumaa moja, karibu saa saba mchana. Msichana wa miaka ishirini na sita, watoto wawili, kutoka Chakol. Mumewe, Emorut, alikuwa dereva wa lori na alifia barabarani miezi minane iliyopita. Sasa shemeji yake, Otukei, ndugu wa marehemu kwa baba, alikuwa amekwisha kupigilia vigingi katikati ya shamba lake la mihogo. Nilimpa kalamu aandike jina, ikamwanguka mara mbili. Nikamwambia alete mkono.

Alichagua pinki iliyokoza, ile ninayopaka mimi. Kidole cha tatu akaanza, na hakunyamaza saa nzima. Lilikuwa andiko zuri kuliko yote niliyowahi kuandika, lenye tarehe na majina ya mashahidi. Nilipomaliza nikaitikisa chupa ya asetoni, ilikuwa tupu. Nikatoka mlangoni kuangalia kibanda cha Kadija. Alikuwa amefunga, ameenda msikitini.

"Wacha tu, dada," Apio alisema. Alikuwa amenyoosha vidole mbele ya dirisha. "Nitafunika na leso. Tangu afe, leo ndiyo nimeona kama hii mikono ni yangu."

Ningemkatalia. Ningemwambia akae tungoje Kadija arudi. Sikumwambia, kwa sababu nilimfurahia. Kosa hilo ni langu na sigawani na mtu.

Jumapili kanisani Apio alinyoosha mikono kupokea komunyo, na Otukei alikuwa nyuma yake kwenye foleni. Misa ilipoisha akampiga picha amembeba mtoto, vidole vyote vinaonekana. Kabla ya chakula cha mchana picha ilikuwa kwenye grupu ya ukoo, na chini yake Otukei ameandika: Mjane amejinyoa. Ni nani anamnunulia? Kikulacho ki nguoni mwako. Kikao cha ukoo kikapangwa Jumamosi inayofuata, kuamua kama Apio bado ni mke wa boma lile au arudi kwao na watoto wabaki.

Jumatatu Mama Benedetta aliiweka simu mezani kwangu, akaivuta ile picha mpaka ukabaki mkono peke yake.

"Hii alama nyeupe naijua," alisema. "Naiona kila siku kwa kidole yako."

Nikamweleza yote, kisanduku, kidole cha tatu, asetoni. Hakupaza sauti, na ningependa angepaza. Alikaa kwenye kiti cha wateja, kile kinachoyumba, akajishika paji la uso.

"Sheria iko upande wake," alisema. "Karatasi zote ziko. Na sasa atanyang'anywa nyumba kwa sababu ya kyuteksi." Kisha akasema, "Jumamosi utakuja kama mtu."

Ijumaa jioni nilikata kucha zangu. Zilikuwa zangu mwenyewe, si za kubandika, nimezilea miezi mitatu. Nilizikata kwa mkasi wa ofisini unaokatia karatasi, nikafuta rangi, nikatoa hereni. Asubuhi nikavaa sketi ya kahawia ya mama yangu na sweta la kijivu ambalo Mama Benedetta aliniletea. Sikujipaka chochote, hata mafuta ya mikono. Nilipojitazama kwenye kioo nilimwona mtu aliyekuja kusoma mita ya maji. Nilijiambia ni siku moja tu, na kwamba shamba la Apio ni kubwa kuliko kucha zangu. Yote mawili yalikuwa kweli, na bado niliona uchungu. Kisanduku cha rangi sikuweza kukiacha. Nilikisukumia chini kabisa ya mkoba, nikaweka faili juu yake.

Tuliondoka na gari la Mama Benedetta, tukapita malori yaliyopanga foleni kandokando ya barabara. Alinitazama mara moja tu njiani. "Sasa watakusikia," alisema, na nikaona kwamba ananionea huruma, na kwamba alikuwa akijiambia maneno hayo hayo kila asubuhi kwa miaka thelathini.

Kwa akina Emorut wanaume walikuwa wamekaa kwenye viti vya plastiki, wanawake kwenye mikeka. Chungu cha pombe kilikuwa kimewekwa kando na mirija yake mirefu, hakitaguswa mpaka neno liishe. Apio alikaa peke yake mbele, mikono ndani ya leso. Kwenye mlango wa jikoni alikaa mama mkwe wake, Akiteng, mwanamke mwembamba ambaye hakumsalimia mtu.

Mama Benedetta alisema sheria, na aliisema vizuri. Alitaja haki ya mjane na haki ya watoto, akaonyesha cheti cha ndoa ya kanisani, akaonyesha stakabadhi za shamba. Wazee wakatikisa vichwa kwa heshima. Mzee Ochom, mkubwa wa kikao, alimwacha amalize kabisa.

"Mama, tumekusikia," alisema. "Hiyo sheria ni nzuri. Lakini sheria haijui kama huyu bado ni mke wa hapa. Hiyo ni sisi tunataka kujua. Kama ameacha kulia bwanake, aseme."

"Hajaacha," alisema Mama Benedetta.

"Na hiyo rangi?" Otukei aliuliza. Ni mtu wa sauti laini, hana haraka. "Rangi ya kucha si chakula, eti alipata njaa akanunua. Iko mtu hapo Malaba, dereva. Huyo ndiye anampaka."

"Hakuna dereva," Apio alisema. "Ni huyu dada alinipaka. Ofisini kwao, nikimwambia shida yangu."

Wote wakageuka kunitazama. Nikasimama.

"Ni kweli," nilisema. "Ni mimi nilimpaka."

Mwanamume mmoja nyuma alicheka. Mzee Ochom aliniambia nisogee, nionyeshe mikono. Nikasogea, nikaionyesha. Vidole vyangu vilikuwa vimepauka kama mihogo iliyomenywa jana. Aliitazama, akatazama sweta, akatazama ile sketi ya mama yangu.

"Binti yangu," alisema kwa upole, "wewe hata mafuta hujajipaka. Hizi ni mikono ya mtu anapenda rangi? Unataka kumfunika mwenzako, hiyo ni roho mzuri. Lakini usitudanganye kwa boma ya marehemu."

"Hawa watu wa ofisi hufundishwa kusema hivyo," Otukei alisema.

Apio alinitazama, na hakuwa na hasira. Alikuwa ananitafuta. Mwanamke aliyemshika mkono Ijumaa ile, yule wa pinki na hereni, alikuwa ameahidi kuja kumsimamia, na hakuja. Alikuwa amemtuma mtu wa mita ya maji. Hapo nikajua nimefanya kosa la pili, kubwa kuliko lile la asetoni. Kitu pekee ambacho kingemwokoa ni mimi nilivyo, na mimi nilikuwa nimekikata kwa mkasi wa karatasi.

Nikapandwa na hasira, na hata hasira yenyewe ilikuwa imechoka. Nikarudi kwenye mkoba, nikatupa faili kwenye nyasi, nikatoa kisanduku na kukifungua mbele ya mzee. Chupa kumi na moja. Nikamwambia kila moja inaitwaje na nimempaka mama mwenye shida gani, bila kutaja majina.

"Sanduku mtu anaweza nunua leo asubuhi," Otukei alisema.

Mzee Ochom alifikiri. "Kila fundi ana mkono wake," alisema. "Basi mpake mtu hapa, tuone kama ni mkono ile ya kwa picha."

Hakuna aliyetoa mkono. Wanawake kwenye mikeka waliingiza mikono chini ya leso, wote, maana boma lilikuwa bado la msiba na nani ataka kuulizwa kesho. Nikamtazama Mama Benedetta. Alikuwa amekunja uso. Kisha nikaona anafungua kifungo cha mkono wa shati lake la kaki.

Lakini Akiteng alimtangulia. Aliinuka pale mlangoni, akaja polepole, akaketi mkekani mbele yangu na kunipa mkono wake wa kulia. Uzi wa msiba ulikuwa kwenye kifundo cha mkono huo, mweusi kwa masizi, sawa na ule wa Apio.

"Nipake mimi," alisema.

"Mama," Mzee Ochom alisema, "wewe mwenyewe uko na msiba."

"Emorut alikuwa mtoto yangu kabla ya kuwa bwana ya mtu," alisema Akiteng. "Nipake. Wakimaliza kuangalia waniambie kama nimeacha kulia."

Otukei alitazama chini.

Nikaupakata mkono wake. Ulikuwa mgumu, kucha zimepasuka kwa jembe, na kidole gumba kina kovu la kisu. Nikafuta vumbi kwa pindo la sketi. Nikapaka kidole cha kwanza, cha pili. Mikono yangu ikakumbuka kazi yake. Kidole cha tatu, yule mama akaanza kuongea, wala si kwa kikao. Aliongea na mimi, kama wote wanavyoongea na mimi, na kwa kuwa watu walikuwa kimya wote wakasikia.

"Apio ni mimi nilimtuma mjini," alisema. "Siku ya tisa baada ya kuzika, Otukei alikuja kwangu. Nilifikiri amekuja kunipa pole. Akaniuliza mpaka ya shamba ya ndugu yake iko wapi. Siku ya tisa. Hakuuliza kama nimekula."

Nikaendelea kupaka. Sikuinua kichwa, maana ukiinua kichwa wanaacha.

"Huyu msichana kila asubuhi ananiwashia moto. Usiku analia, anafikiri sisikii. Ukuta ni moja, nasikia. Hiyo kucha niliiona Ijumaa, saa alirudi. Aliniandalia chakula nazo. Nikasema moyoni, afadhali leo kuna mtu amemshika mkono."

Nikachovya kijiti cha meno kwenye rangi nyeupe, nikaweka tone kwenye kidole cha pete. Mzee Ochom akavaa miwani, akaishika simu mbali na uso, akauinua mkono wa Akiteng kando yake. Alitazama muda mrefu. Akampa mzee mwenzake simu, naye akatazama.

"Mkono ni ule," alisema.

"Wembe ya kumnyoa Apio ninayo mimi," Akiteng alisema, akipuliza kucha zake kama nilivyomwonyesha. "Sijamnyoa. Siku nitamnyoa mtaitwa, mtakula. Mpaka hiyo siku, ni mke wa hapa, na hii ni shamba yake."

Uamuzi haukuchukua muda baada ya hapo. Vigingi ving'olewe kabla ya giza. Apio abaki. Na kwa kuwa msiba ulikuwa umepakwa rangi na mimi, niliambiwa nilete kuku mweupe siku ya kunyoa, nikakubali, maana hilo nililistahili. Otukei aliinuka kwenda kuangalia ng'ombe ambao hawakuwa na shida yoyote. Wazee wakavuta viti karibu na chungu. Apio alikuja akaniinamia, akanishika vile vidole vyangu vilivyokatwa, akavitazama kimoja kimoja.

"Usifanye hivi tena," aliniambia. "Nilifikiri umenikimbia."

Njiani kurudi nililala kwenye kiti kabla hatujafika mjini, na Jumapili nzima nililala. Watu hudhani ukishinda unapata nguvu. Mimi huwa nashinda ndipo najua nilikuwa nimechoka kiasi gani.

Jumatatu nilifika ofisini na gauni la marinda na kucha fupi. Nikanunua asetoni kwa Kadija, chupa mbili kubwa, nikakaa mezani kujipaka kabla wateja hawajaanza kuja. Mama Benedetta aliingia na daftari, akavuta kile kiti kinachoyumba.

"Nimefikiria hii kitu yako," alisema. "Ni mbinu. Tuwaandikie wafadhili. Tuseme wanawake wanafunguka, ushahidi unakuwa mzuri. Kama ni mbinu, hakuna mtu atakuuliza tena hizo pinki ni za nini. Mimi mwenyewe sitakuuliza."

Alikuwa akinipa zawadi, nilijua. Kutoka kwake hiyo ni zawadi kubwa. Nilitamani niipokee tu, nipumzike. Lakini niliona miaka yangu yote mbele, kila hereni na cheti chake, kila rangi na ripoti yake ya robo mwaka.

"Mama," nilisema, "si mbinu. Nilianza kujipaka nikiwa darasa la saba, hata mjane mmoja sijamjua. Naipenda tu. Hata kama Jumamosi tungeshindwa, hata kama ingekuwa haimsaidii mtu yeyote, leo ningejipaka."

Hakuandika. Alizungusha kalamu, akatazama dirishani, mahali ambapo Apio alinyooshea vidole vyake. Nikapaka kidole cha tatu, nikafika cha pete. Yeye mkono wake haukuwa umeshikwa na mtu, lakini aliongea.

"Lile gauni langu lilikuwa la maua ya njano," alisema. "Nilishonesha Malaba. Hata mimi nililipenda tu."

Kisha akafunga daftari, kwa sababu mlangoni kulikuwa na mama amesimama na bahasha, anaogopa kuingia.